Sabufa ya Pili ya Daktari wa Meno

“Usiniambie nimekosea kabla hujanionyesha kosa liko wapi,” nilimwambia binti yangu. “Mteja kaondoka anacheka mpaka magego yanaonekana. Anayecheka hivyo hajakosewa.”

“Mteja haoni waya, Mama. Anasikia mdundo tu.”

“Na mdundo ndio uliomleta hapa.”

“Sabufa mbili kwenye waya wa sabufa moja!” Aliitupa bisibisi mezani, ikabiringika mpaka ukingoni. “Nilikuambia tangu asubuhi. Waya ule ulikuwa unalisha mdomo mmoja. Leo tumeongeza mdomo wa pili, chungu kilekile, mwiko uleule.”

“Waya haukulalamika.”

“Fyuzi ililalamika. Ilikatika mara mbili. Fyuzi ikikatika mara mbili ujue imeshasema hapana, tena kwa adabu.”

Huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Ana miaka ishirini na sita na mdomo alioutoa kwangu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Tunafanya kazi pamoja kwenye karakana ya umeme wa magari: chumba kimoja, mlango wa kukunja, na uwanja unaotosha magari matatu yakivuta pumzi. Mimi nina diploma ya umeme ya chuo na miaka kumi na tisa ya kuungua vidole. Yeye nilimsomesha chuo hichohicho, akarudi na tabia ya kupima kila kitu mara tatu. Wateja wake hungoja. Wangu hawangoji. Mimi ni mtu wa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mteja tuliyekuwa tunabishana juu yake ni Daktari wa Meno. Mwaka jana tulimfungia sabufa moja, spika kubwa ya besi, kwenye buti. Asubuhi hii alikuja na ya pili amelikumbatia sanduku lake kama mtoto mchanga. Watu wanamcheka, mtu mzima mwenye miwani na koti jeupe kutembea na ngoma garini, lakini mimi aliniambia sababu yake. Kutwa nzima anashinda na ile mashine ya kukwangua meno. Inapiga kelele nyembamba, inaingia sikioni na haitoki. Akifika nyumbani bado anaisikia, akilala anaisikia. Kitu pekee kinachoifukuza ni besi, na sabufa moja ilikuwa haitoshi tena.

Basi tukafunga ya pili. Tulipowasha, mdundo ukapungua badala ya kuongezeka. Daktari akatoa kichwa dirishani. “Jamani, nimeongeza mtu shambani, halafu mavuno yamepungua?” Binti yangu aliligundua tatizo hata kabla Daktari hajashuka kwenye kiti. Nyaya za ile ya pili zilikuwa zimepishana, sabufa moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Akazigeuza. Tukawasha, fyuzi ikakatika. Tukaweka nyingine, ikapiga nusu ya wimbo, nayo ikakatika. Wakati huo simu ya Daktari ilikuwa imeshaita mara tatu. Alikuwa na safari. Ampitie mama yake mzazi nyumbani, na mtoto wake, awapeleke kwa dada yake, mwendo wa saa tatu. Dada mtu anataka kujua wako wapi.

Mimi nilikuwa mbele, boneti iko wazi. Binti yangu alikuwa nyuma, kichwa ndani ya buti, anakaza skrubu. Nikarekebisha, mdundo ukaja wa kutikisa mabati, Daktari akapiga makofi, nikafunga boneti, akaondoka. Binti yangu alikuwa ameshafunga buti na kusimama kando; tulipomaliza kupanga vifaa ndipo akaanza maneno yake.

“Haya niambie,” akasema sasa, ameshusha sauti, na mimi nikijua akishusha sauti si heri. “Ilipokatika mara ya pili, uliweka fyuzi ya ngapi?”

“Ya ampea thelathini. Kama zilizotangulia.”

“Uliitoa wapi?”

“Kwenye kopo lake, pengine wapi?”

Aliinua mkono rafuni, akalishusha kopo, akaligeuza juu ya meza. Hakikuanguka kitu ila mguu wa mende.

“Ya mwisho niliitoa mimi,” alisema. “Ndiyo iliyokatika mara ya pili. Mama, uliweka nini?”

Niliangalia ukutani. Juu ya meza yetu kuna msumari, na kwenye msumari huning'inia madaraja matatu. Daraja ni kipande cha shaba kinene kama kidole kidogo. Ukitaka kusikia jambo kwa dakika moja bila kuharibu fyuzi, unakichomeka mahali pa fyuzi. Umeme unapita bila wa kuuzuia. Ukishasikia, unakitoa. Sheria hiyo niliitunga mimi, na nilifunga utepe mwekundu kwenye kila kimoja, mrefu kama mkono, ili mtu asiweze kufunga boneti bila kuuona ukining'inia. Utepe wa kimoja ulikuwa umelowa grisi. Wiki iliyopita niliukata, nikasema nitafunga mwingine.

Kwenye msumari yalikuwa madaraja mawili, yote yana utepe.



“Ni mimi,” nilisema. “Nilitaka kusikia tu kama zinakubaliana. Halafu Daktari akapiga honi.”

  Alikuwa ameshashika simu anampigia Daktari. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

“Hasikii,” alisema. “Atasikiaje? Tumemfungia sabufa ya pili.”

“Ameondoka dakika ngapi?”

“Ishirini na tano. Ameshawachukua.” Alinitazama. “Waya unapita chini ya zulia, Mama. Upande wa kushoto, chini ya kiti cha nyuma. Nani anakaa nyuma?”

Sikuwa na haja ya kufikiri. Mbele anakaa mtoto, kwa sababu anatapika akikaa nyuma. Daktari alituambia mwenyewe. Nyuma anakaa bibi.

Nilichukua spana namba kumi. Yeye akachukua glavu, koleo na ile mitungi miwili ya kuzimia moto iliyoko mlangoni. Tukaingia kwenye pikapu yetu ya kubebea betri, mimi kwenye usukani. Sikufunga mlango wa karakana.

Nyumba ya Daktari iko nyuma ya hospitali. Hatukumkuta, majirani walisema ametoka sasa hivi, kuta bado zinatetemeka. Kutoka pale kuna njia mbili za kutoka mjini. Nilisimama kwenye makutano. Binti yangu akatoa kichwa nje.

“Gari lenye muziki limepita wapi?”

Fundi cherehani aliyekuwa barazani hakuhitaji kuulizwa gari gani. Alinyanyua shati la shule, mshono umekwenda kama njia ya konokono. “Limepita hapa! Tazama lilivyonifanya!” Akaonyesha njia ya kulia.

Nikakata kulia. Mbele kidogo kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mashine mkononi, na nyuma yake mteja amevaa shuka, anashika kisogo.

“Mkimpata,” kinyozi alipaza sauti kabla hatujamuuliza, “mwambieni huyu bwana hapa ana upara ambao hakuuagiza!”

Siku nyingine ningecheka. Binti yangu alikuwa anapiga simu, inaita, inakata, anapiga. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani. Waya kama ule, na mzigo kama ule, ngozi yake ya plastiki haiungui mara moja. Inapata joto, inalainika, inateleza kama ngozi ya maziwa. Ikishateleza, shaba inagusa bati la gari. Na ikigusa, hapana fyuzi ya kusema hapana, maana mahali pa fyuzi niliweka shaba kwa mkono wangu. Betri yote itamwagika pale kwa mara moja, chini ya zulia, chini ya miguu ya mama wa watu.

“Ongeza mwendo,” alisema binti yangu, ambaye maisha yake yote ananiambia nipunguze.

Kisha tukausikia. Kwanza kwenye kioo cha pikapu, kinatetemeka. Halafu kifuani. Tulipopinda kona tuliliona gari la bluu, limesimama kwenye kituo cha mafuta, kwenye pampu ya pili. Mhudumu wa pampu, mwanamke mmoja mfupi mwenye kofia, alikuwa amesimama dirishani kwa Daktari na bomba la mafuta mkononi, anakata hewa kwa kiganja mbele ya shingo yake: zima, zima! Daktari naye anatikisa kichwa kwa mdundo, anacheka, anamwonyesha kidole gumba. Alidhani dada wa watu anacheza.

Niliisimamisha pikapu njiani kabisa, huku wenye magari wakinitukana. Nikakimbia. Nina miaka hamsini na mbili na magoti yangu yana maoni yao, lakini nilikimbia. Niliufungua mlango wa Daktari, nikaingiza mkono mbele ya tumbo lake, nikazungusha ufunguo.

Kimya kilikuja kizito. Na ndani ya kimya ikaja harufu. Mpira unaoungua, taratibu, kama kandambili iliyoachwa karibu na jiko.

“Mama Umeme!” Daktari alirekebisha miwani. “Vipi, nimesahau kitu?”

“Toka garini. Mtoe mtoto. Sasa hivi.”

“Kuna nini?”

“Toka kwanza, maswali baadaye.”

Nilifungua mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, amevua viatu, nyayo zake mbili ameziweka vizuri juu ya zulia.

“Mama, shuka, tafadhali.”

Alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu. “Siku hizi watu hawasalimii?”

“Shikamoo, mama. Shuka.”

“Marahaba. Sishuki.” Alijiegemeza. “Tangu mvua zianze miguu hii haijanipa raha siku moja. Leo ndiyo imenyamaza. Mwanangu ameniwekea moto chini, mzuri, unapanda mpaka magotini. Nyinyi ndio mliofunga? Mungu awabariki.”

Niligusa zulia kando ya nyayo zake. Nilirudisha mkono kama nimeng'atwa. Pembeni, pale zulia linapokutana na mlango, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda, mweupe, hauna haraka.

 Nilizunguka mbele, nikafungua boneti, nikaweka spana kwenye nati ya betri. Waya ule haupiti kwenye ufunguo; toa waya wa betri, mambo yamekwisha. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuzungusha, mkono wa miaka kumi na tisa, haungoji kichwa. Vidole vikanikamata kifundo cha mkono.

“Si hapa,” alisema binti yangu usoni kwangu. “Cheche.”

Nilitazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya doa la petroli, bado bichi, linang'aa rangi rangi. Bomba la mhudumu lilikuwa linadondosha mita moja kutoka kiunoni kwangu. Na mimi nataka kuchomoa waya wa betri ambao labda tayari umegusa bati.

“Kwanza tulisukume,” alisema. “Dada, rudisha bomba, funga pampu! Daktari, mshike mtoto, mpeleke kule ukutani. Mama, gia huru, breki ya mkono.” Kisha akainama ndani ya mlango wa nyuma. “Shikamoo, Bibi. Nisamehe.” Akampitishia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamnyanyua mama mzima na mkoba wake.

“We mtoto! Viatu vyangu!”

“Viatu vitakuja, Bibi.”

Nililegeza breki. Mimi na mhudumu tukaweka mabega nyuma ya gari. Halikutaka, kisha likataka. Lilitoka chini ya paa la pampu, likavuka uwanja, moshi sasa unatoka kwenye milango yote miwili ya nyuma, si uzi tena, ni kamba. Daktari alikuwa amemweka mtoto ukutani akarudi mbio kutusaidia, koti linapepea. Tulilisukuma mpaka mwisho wa uwanja, kwenye changarawe, mbali na kila kitu. Binti yangu alifika amevaa glavu, mtungi wa moto chini ya kwapa, akauweka miguuni kwangu. Mimi nikasimama nao, pini nimeshaichomoa. Yeye akachukua spana mikononi mwangu, akafungua nati.

Cheche ilitoka moja, kubwa, ya bluu, na mlio kama kofi. Akauchomoa waya akaukunja mbali.

Kisha akang'oa zulia. Nilipulizia unga wa mtungi mahali palipokuwa pakifuka, moshi ukapanda, ukaacha. Tulisubiri. Haukurudi.

Waya ulikuwa umelala pale uchi. Plastiki yote imeteleza, imegandia kwenye bati, na shaba imeunguza mstari mweusi sentimita tatu kutoka mahali zulia lilipokuwa limeshika umbo la nyayo mbili. Daktari aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, kama anavyoangalia ndani ya mdomo wa mtu. Alipoinuka hakuwa anacheka.

“Nani alifanya hii?”

Alikuwa anamtazama binti yangu. Ni haki yake; ndiye aliyemwona asubuhi yote na bisibisi mkononi. Na binti yangu, mwenye mdomo wa kunipinga mchana kutwa, alifunga mdomo. Alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja, hamtazami Daktari wala hanitazami mimi. Angenibebea lawama. Niliona kabisa kwamba angenibebea, asiseme lolote leo wala mwakani.

“Ni mimi,” nilisema. “Niliweka kipande cha shaba mahali pa fyuzi, nikafunga boneti. Yeye alikataa tangu asubuhi. Alisema waya ubadilishwe, nikamwambia ana mambo mengi.”

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa. Kule ukutani mama yake alikuwa anauliza kwa sauti kubwa kama viatu vimesahauliwa.

“Nimekusikia,” alisema mwishowe. “Tutaongea. Leo siwezi, dada yangu ameshapika, watu wananingoja.” Alitazama saa. “Umetoa waya wa moto, si ndiyo? Basi funga tepu hapo, rudisha betri, tuondoke. Muziki basi, nitavumilia. Dakika ngapi?”

Kumi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Tepu nilikuwa nayo mfukoni. Waya wa sabufa uko nje, betri inarudi, gari linawaka, mteja anaondoka, na mimi nimejisafisha nusu. Dakika kumi, labda nane.

“Halitembei,” alisema binti yangu. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, tochi mdomoni, sasa ameitoa. “Nyaya za pampu inayopeleka mafuta kwenye injini zinapita hapahapa, Daktari. Zimeungana na ule ulioyeyuka. Mbili naziona, za chini sijaziona. Mpaka nifungue viti vyote.”

“Muda gani?”

“Sijui. Leo yote. Labda na kesho.”

“Kesho!” Alinigeukia. “Mama Umeme, wewe ndiye mwenye karakana. Wewe unazijua haraka zangu. Huyu binti ana tahadhari, nampongeza, lakini gari limesimama tu, moshi umekwisha. Sema wewe.”

Wote wawili walikuwa wananitazama. Mhudumu wa pampu pia, mikono kiunoni. Kule ukutani bibi alikuwa ameketi juu ya tofali, mjukuu amemlalia, nyayo zake peku amezinyoosha mbele juani, nyekundu kidogo upande wa kushoto.

“Fundi ameshasema,” nilimwambia.

“Lakini wewe...”

“Gari halitembei, Daktari.”

Nilikwenda njiani, nikaitoa pikapu kwenye matusi ya watu, nikaileta mpaka pale bibi alipokaa. Nikashusha betri tatu zilizokuwa mbele ya kiti, nikafuta kiti kwa kanga yangu. Kina nafasi ya watatu wakipendana. Nikamtafutia bibi viatu vyake, nikamvisha mwenyewe, nimepiga goti kwenye changarawe. Aliniachia bila kuniambia asante, na alikuwa na haki. Kisha nikatoa ufunguo, nikauweka kwenye kiganja cha Daktari, nikakifunga kiganja.

“Gia ya tatu ni ngumu, ipige kwa nguvu. Tanki limejaa. Rudi nayo wakati wowote.”

Alitazama pikapu, akatazama gari lake.

“Ina redio?”

“Ina honi.”

Alipumua, akapanda. Nikamsaidia bibi, nikampandisha mtoto, nikafunga mlango mara mbili, maana mara moja haufungi. Waliondoka wanakwaruza gia.

Karakana ilikuwa kilomita moja na nusu, mteremko mfupi na mwinuko mrefu. Binti yangu alikuwa anatazama barabara tulikotoka, halafu gari, halafu mimi.

“Mama, tumpigie mtu mwenye kamba.”

“Kaa kwenye usukani.”

“Magoti yako.”

“Nimesema kaa kwenye usukani. Nielekeze tu.”

Akakaa. Nikavua viatu vya kazi visivyoshika vizuri, nikavitupa ndani, nikaenda nyuma. Nikaweka bega kwenye buti, sabufa mbili upande wa pili wa bati, nikasukuma.